YAH: Mzee Rashidi Kawawa

Baba yangu alikuwa karani wa masijala. Kama hujui masijala ni nini, basi hujawahi kufuatilia jalada lako serikalini ukaambiwa halionekani, njoo kesho. Baba ndiye aliyekaa ndani ya lile dirisha, Songea, kwa zaidi ya miaka thelathini, na nasema kwa majivuno yote ya mtoto: majalada yake yalikuwa yanaonekana.

Hakuacha mali ya kugombaniwa. Aliacha redio, koti la mikutano, na bahasha kubwa ya khaki yenye nakala za barua alizopiga mwenyewe kwa taipureta, za ofisini na za nyumbani zikiwa zimechanganyika, maana kwake barua ilikuwa barua. Mwaka niliofaulu kwenda sekondari alimwandikia shangazi anipokee kituo cha basi. Barua ile ina Kumb. Na. yake juu, na katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: YAH, yaani yahusu: KUWASILI KWA MTOTO. Tulimcheka miaka yote.

Kila Desemba ikielekea ukingoni naifungua bahasha hiyo, kwa sababu mna barua moja ambayo hakuipiga yeye. Niliiandika mimi kwa mkono, yeye akinitajia maneno. Nitaifikia. Kwanza nimseme mtu aliyetufanya tuiandike.

Rashidi Mfaume Kawawa alifariki Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009. Siku ngumu kwa msiba wa taifa: watu wanakimbizana na kuku na mchele wa mwaka mpya, makanisani wanapanga viti vya mkesha, na redio zilizokuwa zimeshaanza kupiga muziki wa sherehe zinabadilisha sauti ghafla. Tarehe 2 Januari akazikwa Madale, nje kidogo ya Dar es Salaam. Kila aliyeshika kipaza sauti siku zile alimwita Simba wa Vita. Baba hakulipenda jina hilo. "Simba gani," alisema akiwa ameinamia redio. "Yule alikuwa karani."

Kwa baba hapakuwa na sifa iliyozidi hiyo.

Na hakukosea, maana Kawawa alianzia mezani. Alizaliwa Matepwende, Namtumbo, mwaka 1926, kijana wa kwetu kabisa, mtoto wa mwindaji wa tembo. Alisoma Liwale, akaenda Dar es Salaam, akamalizia Tabora, shule ileile iliyomlea Nyerere. Husimuliwa kwamba alipomaliza Tabora njia ya Makerere ilikuwa wazi, akaiacha, akaomba kazi ili wadogo zake wapate karo. Akawa karani wa hesabu katika idara ya ujenzi ya serikali ya kikoloni. Wengi huipita habari hii haraka, wakikimbilia uwaziri. Mimi hunikamata hapo, kwa sababu ukishaijua unaanza kuiona tena na tena katika maisha yake: mtu anafika mlangoni mwa kitu kikubwa, anaangalia nani yuko nyuma yake, halafu anapisha.

Baadaye akahamia kazi za maendeleo ya jamii: elimu ya watu wazima, sinema za kuzunguka na gari. Hapa huwa naulizwa na wadogo zangu kama natania. Sitanii. Waziri Mkuu wa pili wa Tanganyika aliwahi kuwa mwigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilitengenezesha filamu za Kiswahili, na Kawawa akawa mhusika mkuu katika Muhogo Mchungu. Hebu nitajie waziri wa leo ambaye ungekubali kukaa saa nzima kumtazama akiigiza kwa hiari yako.

Mwaka 1953 kazi hiyohiyo ilimpeleka Urambo, kuwahudumia Wakikuyu waliokuwa wamezuiliwa huko wakati wa vita vya Mau Mau. Mtumishi wa serikali akilea watu waliowekwa kizuizini na serikali inayomlipa mshahara. Sijui kama kuna darasa la siasa linaloweza kuzidi hilo.

Mwaka huo huo ukatoka Waraka Namba 5. Baba alikuwa akiutaja kwa namba yake kama mtu anavyotaja sura ya msahafu. Waraka huo uliwapiga marufuku watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, na TANU ilipozaliwa mwaka uliofuata, makarani, walimu na wauguzi waliokuwa na uwezo wa kuendesha chama walijikuta wamefungwa mikono. Walichobaki nacho ni TAGSA, chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na Kawawa akawa rais wake. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, naye akawa Katibu Mkuu. Kisha akaiacha kazi ya serikali, akaingia TANU.

"Aliacha pensheni," baba angesema hapo, akinyamaza kidogo ili uzito utuingie. Sisi watoto hatukuelewa. Leo, nikiwa nimebakiza miaka michache kufika kwenye yangu, naelewa.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita tu baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu ili arudi kukijenga chama mikoani, na kiti akakaa Kawawa. Alikuwa na miaka 35. Fikiria: nchi haijamaliza hata kushusha mapambo, bendera ingali mpya, na aliyeipigania anasema naenda vijijini, wewe shika hapa.

Afrika ile ya miaka ya sitini tunaijua ilivyokuwa inacheza na viti. Mtu aliachiwa kiti kwa safari ya wiki moja, mwenyewe akirudi anakuta kufuli imebadilishwa. Kawawa alikaa miezi karibu kumi na moja, na alichokifanya humo ni kumtengenezea mwenzake kiti kikubwa kuliko kile alichokalia yeye. Serikali yake ndiyo iliyoandaa Jamhuri yenye rais mwenye mamlaka makubwa, huku kila mtu akijua rais huyo atakuwa nani. Tarehe 9 Desemba 1962 Nyerere akaapishwa, Kawawa akasogea pembeni akawa Makamu. Baada ya Muungano, Mzee Karume akawa Makamu wa Kwanza, na Kawawa akasogea tena, akawa wa Pili. Hata cheo chenyewe kilikuwa na neno hilo ndani yake.

Wapo waliomcheka. Nimewasikia, kwenye vijiwe vya kahawa na hata kwenye meza za wasomi: kwamba alikuwa mwitikiaji tu, Nyerere akipiga chafya yeye anatoa leso. Mimi naona dharau hiyo inatoka kwa watu wasiowahi kushika kitu kizito ambacho si chao. Kuwa wa pili karibu miaka thelathini bila kumchimba wa kwanza, na bila kuiba, ni kazi inayotaka moyo wa aina yake.

Lakini sitaki kumwandikia tanzia ya kanisani. Miezi ileile kumi na moja ina upande wake wa giza. Mwaka 1962, chini ya Waziri Mkuu aliyetoka kwenye uongozi wa wafanyakazi, zilipitishwa sheria zilizofanya mgomo kuwa kitu kisichowezekana kisheria, na nyingine ikawafungia watumishi wa ngazi za juu serikalini mlango wa vyama vya wafanyakazi. Mtu wa TAGSA! Mwaka huo huo ikaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, bila kesi, bila hakimu. Januari 1963 Victor Mkello, aliyekuwa rais wa TFL, shirikisho ambalo Kawawa mwenyewe alilijenga, akapelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Ile sheria ya kizuizini ilikuwa bado vitabuni pale Tume ya Jaji Nyalali, iliyochunguza mfumo wa vyama vya siasa, ilipoiweka, miaka ya tisini ikianza, kwenye orodha yake ya sheria 40 kandamizi.

Nilipomuuliza baba habari za Mkello alikohoa, akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema, "Nchi ilikuwa changa, mama." Alikuwa akiniita mama alipotaka nisiendelee kuuliza. Niliacha, lakini sikuridhika, na mpaka leo sijaridhika. Urambo alijifunza nini, kama si hilo?

Basi nifike 1967, mahali ambapo baba yangu na Kawawa walikutana bila kuonana.

Kila Mtanzania anaijua Februari ya mwaka ule, Azimio la Arusha, matembezi, nyimbo. Wachache wanaikumbuka tarehe 4 Januari, mwezi mmoja kabla. Siku hiyo Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli zote za serikali zifanyike kwa Kiswahili. Wizara, mashirika ya umma, ofisi zote. Kiingereza au lugha nyingine ya kigeni isitumike pasipo lazima. Hapakuwa na gwaride. Lilikuwa tangazo la kiofisi, la mtu wa ofisi, kwa watu wa ofisi.

Baba alikuwa kijana, hajaoa, anayejulikana wilaya nzima kwa Kiingereza cha barua. Alikuwa ameyakariri yale maneno marefu ya kikoloni ya kufungia barua, ambapo mwandishi, hata awe anadai hela yake, hujiita mtumishi mtiifu wa bwana mkubwa. Cheo chake chote kilikuwa kwenye maneno yale. Asubuhi moja akaambiwa hayatakiwi tena.

Alivyokuwa anasimulia, siku za kwanza ofisi ilinyamaza. Mkubwa wa ofisi alianza kumtajia barua ya kupiga, akafika katikati ya sentensi ya kwanza, akakwama. Akatoka nje kuvuta sigara. Akarudi. "Sasa hili tunaliitaje?" Hawakuwa hawajui Kiswahili; walikuwa wanakiongea tangu kuzaliwa, wakinunua samaki kwacho, wakitongozea, wakiswalia na kuungama. Ila hawakuwahi kukivalisha suruali ya ofisini. Faili ni faili, au ni jalada? Kile kikaratasi anachoandika ofisa mmoja kumpelekea mwingine ndani ya jalada, kinaitwaje? Walikiita kila jina kabla ya dokezo kushika. Na kile kisichokuwa ndani ya jalada, kinachozunguka chenyewe? Kikaja kuwa dokezo sabili, na nakuapia nusu ya watumishi wanaoliandika neno hilo leo hawajui sabili ni kile kilichotolewa kwa ajili ya Mungu, kama maji ya bure njiani. Karatasi ya serikali imepewa jina la sadaka. Aliyelichagua alikuwa mshairi.

Mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ili kazi ya kutafuta maneno isiachiwe makarani peke yao. Shule za msingi nazo zikahamia Kiswahili. Lakini baba alishikilia hadi mwisho kwamba kina yeye ndio walioanza, kwa jasho, kwa kufuta na kuandika upya, kwa kuulizana dirishani. Kumb. Na., Yah, K.n.y., Nakala kwa. Alisema walipoandika barua ya kwanza bila utumwa mwishoni, iliyofungwa kwa "Wako katika ujenzi wa taifa", mkubwa wake aliisoma mara mbili, akacheka peke yake, akatia sahihi.

Halafu kikatokea kitu ambacho hawakukitegemea. Watu wakaanza kusoma barua zao wenyewe. Zamani mzee wa Mgazini akipata barua ya serikali aliikunja mfukoni hadi ampate kijana wa shule wa kumfasiria, na kijana naye akapewa kuku, au akafasiri anavyotaka. Sasa mzee anakuja na barua mkononi, amesomewa na mjukuu wa darasa la tatu, anasema: hapa mmeandika nitalipwa, mbona silipwi? "Kazi yetu ikawa ngumu zaidi," baba alisema, na uso wake ulikuwa umeng'aa.

Hilo ndilo deni langu kwa Kawawa. Nikienda leo ofisi ya kata kufuata barua ya utambulisho, ninaloandikiwa naelewa, na anayeniandikia anajua kwamba naelewa. Majirani zetu kadhaa hawana hicho. Sisi wenyewe hatujakimaliza: mahakama zetu zilisubiri hadi sheria ibadilishwe mwaka 2021 ndipo Kiswahili kikapewa kiti chake, na mtoto wetu wa kidato cha kwanza bado anafundishwa biolojia kwa lugha anayoiogopa. Kawawa alifungua mlango wa ofisi. Wa darasani na wa mahakamani haukuwa kwenye lile tangazo la Januari.

Miaka ya sabini nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayompa lawama nyingi. Alikuwa Waziri Mkuu tena, Februari 1972 hadi Februari 1977, kipindi cha madaraka mikoani, cha uamuzi wa kuhamia Dodoma, cha kilimo cha kufa na kupona. Na cha Operesheni Vijiji. Chama kiliamua mwaka 1973 kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976, na serikali ikatekeleza kwa malori. Kusini kwetu tunajua korosho ilivyoathirika. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiopaliliwa hugeuka msitu. Bei nayo ikachangia, na ugonjwa wa ubwiriunga. Miaka ya themanini ikiwa katikati, mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Mtekelezaji mzuri ni baraka pale amri ikiwa nzuri. Zaidi ya hapo kila mmoja ana hesabu yake.

Nyumbani kwake ilikuwa hadithi nyingine, na naona waandishi wa kiume huikimbia. Mke wake Bibi Sofia Kawawa hakuwa wa kukaa nyuma ya pazia. Alikuwa Mwenyekiti wa UWT, Umoja wa Wanawake, na mwaka 1988 alisimama hadharani kuhoji ndoa za wake wengi. Mei mwaka ule Zanzibar ikachemka, watu wakaandamana kumpinga, damu ikamwagika. Fikiria meza ya chakula cha jioni katika nyumba ile: mume ni Katibu Mkuu wa CCM, Mwislamu wa Kusini, na mke amesema jambo lililotikisa nchi. Mwanamume mwingine wa kizazi chake angetafuta njia ya kumkana hadharani ili aokoe shingo. Hawakuachana. Sofia alifariki 1994. Mwana wa Kawawa, Vita, aliwahi kuwa Mbunge wa Namtumbo, na Zainab naye aliingia bungeni.

Mwaka 1985, Nyerere alipong'atuka, urais ulikwenda kwa Mzee Mwinyi. Kawawa akabaki kwenye ukatibu mkuu wa chama hadi 1990. Akapisha tena. Mara ya ngapi, nimepoteza hesabu.

Sasa ile barua.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe mosi Januari 2010. Nilikuwa nimekwenda Songea kwa likizo. Baba mikono ilikuwa imeshaanza kutetemeka, taipureta ameifunika kwa kitambaa cha meza. Akaniita.

"Mama, chukua kalamu. Tuwaandikie rambirambi."

"Nani, baba?"

"Familia."

Hakuwa anawajua, wala wao hawakumjua. Nikachukua karatasi. Akaanza, pole pole, kama anayepiga herufi moja moja. Anuani yetu kulia. Tarehe. Akaniambia niache nafasi ya kumbukumbu namba, nikamwambia baba, hii si ya ofisi, akaniangalia mpaka nikaiacha. Kisha YAH. Hapo tukagombana. Mimi nilikuwa nimeshaandika KIFO CHA MHESHIMIWA. Akasema futa. Nikasema baba, alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, Makamu wa Rais, redio nzima inasema Mheshimiwa. Akasema, sisi tulipokuwa kazini aliitwa Ndugu, mimi niliitwa Ndugu, na aliyekuja dirishani kuuliza jalada lake aliitwa Ndugu. Futa.

Nikafuta. Karatasi ikachanika kidogo pale, bado inaonekana. Nikaandika NDUGU RASHIDI MFAUME KAWAWA.

Barua yenyewe ni fupi. Pole za kawaida, dua, kisha sentensi moja ambayo sikuielewa wakati ule: kwamba yeye, mwandishi, alipokea maelekezo ya tarehe 4 Januari 1967 na anaomba kuwaarifu kwamba yalitekelezwa. Akatia sahihi mwenyewe, ikatoka imepinda. Akaniagiza niandike nakala mbili, moja ya jalada.

Siku ya kazi ya kwanza nikaipeleka posta.